Vitabu vya Kutia Kwenye Begi la Biharusi



Mfungo Mosi umeingia na kadi za harusi zimeshaanza kujaa juu ya friji langu. Kila ninapokwenda kutazama begi la biharusi naona mambo yale yale mazuri: doti za kanga, nguo za kulalia, viatu, sabuni za kunukia, udi, chupa za mafuta mazuri, msala na msahafu. Mashallah, hakikosekani kitu ila kimoja. Hamna kitabu cha kusoma. Nakusudia kitabu cha kusoma kwa raha yako, umejilaza, chai ya maziwa pembeni na kileja kimoja, au viwili kama hakuna anayehesabu.

Hoja yangu ni hii. Somo humfunda mwari namna ya kukaa na mtu. Humfunda kumpokea mume, kunyamaza panapostahiki, kusema panapostahiki, kujifukiza, kupika, kukaa na wakwe. Yote hayo ni kheri. Lakini sijamsikia somo hata mmoja akimfunda mwari namna ya kukaa peke yake, na ndoa ina masaa mengi ya kukaa peke yako. Fungate inakwisha, wageni wanaondoka na masufuria yao, mume anarudi kazini. Baina ya adhuhuri na alasiri nyumba inakuwa kimya mpaka unalisikia friji likinguruma. Na nyumba yenyewe bado hujaizoea, hata mlango wa stoo hujui unafunguliwa kwa kusukuma au kwa kuvuta.

Binti wa khalati yangu aliolewa Muscat. Mume mwema, alhamdulillah, na kiyoyozi kila chumba. Wiki ya tatu akanipigia simu saa nane za mchana akilia. Nikamuuliza kuna nini, akanambia hakuna kitu. Na kweli hakukuwa na kitu, na hicho ndicho kilichokuwa kikimliza. Simu anayo, lakini simu mchana ule ilikuwa ikimwonyesha harusi za wenziwe, na mamake anakaanga samaki Unguja na yeye hayupo. Nikamtumia vitabu vitatu kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Tangu siku ile zawadi yangu ya harusi ni vitabu. Wenzangu wanaleta blenda, mie naleta riwaya, na wananicheka mpaka wachoke.

Basi leo nakwambieni ninavyovitoa na ninavyoviona. Maoni ni yangu, na mwenye yake anayo haki nayo.

Vya nasaha

Tuanze na vile ambavyo biharusi hupewa hata asipoviomba: vijitabu vya nasaha za ndoa. Ninavyo 6. Vina mema mengi na sivikejeli. Lakini siku moja nilikaa nikakihesabu kimoja. Haki za mume juu ya mke, kurasa 41. Haki za mke juu ya mume, kurasa 4, na mmoja katika hizo ulikuwa na picha ya maua. Kijitabu kama hicho ukimpa biharusi, mpe na bwana harusi nakala yake, azisome zile 4.

Nasaha ninazozipenda mie ni kongwe zaidi. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utenzi wake kiasi cha mwaka 1858, kule kisiwa cha Pate, upande wa Lamu. Alikuwa mgonjwa, na alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyempa taabu Sayyid Said wa Unguja, alikuwa keshafariki. Wengi wetu tunaujua utenzi huu kwa kipande kimoja, kile cha kumtumikia mume na kumpepea akilala, kwa sababu ndicho kinachopendwa kwenye shughuli. Wapo pia wasomi wa kileo wanaouchukia kwa kipande hicho hicho. Mie nawaambia wote wawili waanze mwanzo. Mwanzo mama anamwambia mwanawe nini? Asogee karibu, achukue wino na karatasi. Kabla ya hina na kabla ya udi, wino! Maana yake yule binti alikuwa akijua kuandika, na mamake alitaka maneno yake yashikwe kwa mkono wa mwanawe. Na ukifika mwishoni nasaha zimekwisha, imebaki dua ndefu ya mama anayejua kuwa anaondoka. Nikiisoma dua ile naiona haraka aliyokuwa nayo.

Kiswahili chake ni Kiamu, utakwama. Soma polepole, na kama jirani una bibi wa Lamu mpelekee bakuli la boko boko umuulize. Utarudi na maana ya maneno na umbea wa miaka 50.

Kwa mashangazi nina kitabu chao mbali. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyetupa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969, aliandika pia kijitabu kiitwacho Ada za Harusi katika Unguja, kilichotoka 1956. Mwanachuoni mkubwa kama yule aliona mambo ya harusi yanastahiki kuandikwa, basi na mie msinione mpuuzi. Shangazi akishika kiuno na kusema "hii ndiyo ada yetu tangu enzi," mwambie kwa adabu, "Shangazi, hebu tutazame kitabu cha Sheikh." Yatakayofuata mimi simo.

Vya upelelezi

Mohamed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya Afrika Mashariki ya 1957/58, kikachapishwa 1960, na ndani yake tukampata Bwana Msa na kiko chake. Mtu kauliwa, maiti imekutwa mzimuni, na watu wana jawabu lao tayari. Bwana Msa hana haja na jawabu la watu. Anavuta kiko, anauliza, anatazama, anauliza tena.

Biharusi hapo anajifunza kuwa uvumi si ushahidi. Wifi kaambiwa na jirani, aliyeambiwa na muuza samaki, kuwa mumeo kaonekana Forodhani usiku na mtu. Bwana Msa angeuliza kwanza: nani aliyeona, saa ngapi, alikuwa umbali gani, na taa zilikuwa zinawaka? Mara nyingi ukifika swali la tatu yule "mtu" anageuka kuwa mjomba wake.

Faida yake nyengine siwezi kuieleza bila ya kusema langu. Mwaka wa pili wa ndoa mimba yangu ya kwanza iliharibika, ya miezi minne. Wanawake wakaja kunitazama, Allah awalipe, na kila mmoja na neno lake. Utapata mwengine. Mungu ndiye ajuaye. Ulikuwa ukibeba ndoo? Mdogo wangu zilimtoka nne na leo ana watano. Nia zao zilikuwa njema na kila neno lilinichoma. Nikautia uso wangu ndani ya Mzimu wa Watu wa Kale, kwa sababu mle ndani hakuna aliyekuwa akinisemesha mie.

Mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe tulikuwa hatuzungumzi ila mambo ya chumvi na mafuta, akaja akakaa chini ubavuni mwa kitanda. Hakunipa pole. Akaniuliza, "Unasoma nini, mwanangu?" Nikamwambia. Akasema, "Nisomee." Yeye husoma Qur'ani yake, hati za kizungu hazijui. Nikamsomea siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Kila jioni alikuwa akinambia nani aliyeua, na kila jioni alikuwa mtu mwengine. Tulipofika mwisho akajifuta miwani akasema, "Mie nilimjua tangu mwanzo." Nikacheka, mara ya kwanza tangu nitoke hospitali. Tukaendelea na Kisima cha Giningi, kisha vyengine vyote tulivyovipata. Ile mimba mpaka leo hatujaizungumza, mie na yeye, na wala hatuhitaji.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema hadithi za upelelezi ni kupoteza wakati, mwambieni kuna wakati unaohitaji kupotea.

Vya mapenzi

Hapa pana kelele, najua. Nianze mbali, Uingereza. Pride and Prejudice cha Jane Austen kilitoka mwaka 1813, na mie nilikisoma kwa Kiingereza cha skuli na kamusi ubavuni. Bibi Bennet ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume, na nyumba wanayoishi itakwenda kwa jamaa mwanamme baba yao akifariki. Kijana tajiri amekodi nyumba jirani, na kabla mama huyu hajamtia machoni keshamwoza mmoja wa mabinti zake. Huyu mama ni Mzanzibari, kakosa buibui tu! Anaumwa na mishipa kila anapokataliwa jambo, na nyie mnamjua, mnaye mmoja kila ukoo.

Ninalolipenda zaidi ni kuwa mapenzi yao yamekaa kwa stara. Hamna mambo ya kuficha kurasa mtu akipita. Kuna barua moja ndefu, na barua ile inafanya kazi kuliko ujumbe 400 wa simu wenye makopakopa. Bwana Darcy ana kiburi, kweli, lakini akikosea anajirekebisha bila ya kupiga tarumbeta. Bwana Collins naye nimekwisha kumwona kwenye posa tatu za mtaani kwetu: anajisifu mwenyewe, anamsifu bosi wake, kisha anashangaa kukataliwa. Lakini msimcheke sana Charlotte aliyemkubali. Hakuwa na mali, umri ulikuwa ukikimbia, na alitaka nyumba yake. Austen hakumtukana, na sisi tusiwatukane walio kama yeye.

Sasa turudi kwetu. Vuta n'kuvute cha Adam Shafi kilitoka 1999, na filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ikatoka 2021. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmini, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa Bwana Raza, mtu wa miaka 52. Wapo wanaosema kitabu hiki hakifai kumpa biharusi kwa kuwa mke anamkimbia mume. Mie nampa kwa makusudi, na nampa kabla ya akdi, si baada yake.

Sababu ni kuwa Yasmini hakuulizwa. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametufundisha kuwa bikra huombwa idhini yake na kunyamaza kwake ni ridhaa. Lakini kuna kunyamaza kwa haya na kuna kunyamaza kwa khofu, na ni juu ya walii kuzijua tofauti zake. Msichana aliyesoma habari za Yasmini anazijua tofauti hizo yeye mwenyewe, na anapata maneno ya kuzisema. Wengi wao hunirudishia kitabu wakicheka, wakanambia, "Dada, wangu mie nimemridhia, tena sana." Hapo nafurahi nao. Mmoja alikirudisha hakucheka. Alinambia anataka kuzungumza na babake. Yaliyozungumzwa si yangu kuyasimulia. Ninachokwambieni ni kuwa babake alimsikiliza, Allah amjaalie kheri.

Na Mwajuma! Yule shoga wa Ng'ambo aliyempokea Yasmini wakati jamaa zake walimfungia mlango. Mwenendo wake mwingi simshauri mtu kuufuata, nadhani mtaelewa mkikisoma. Lakini kila mwanamke anahitaji shoga mmoja ambaye mlango wake haufungwi. Kama unaye, mshike. Kama wewe ndiye, Allah akuzidishie.

Vya maisha ya watu

Kwa wanaoolewa mbali, Muscat, London, Toronto, nawapa kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizoziandika kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete zikachapishwa mwaka 1886. Tafsiri yake ya Kiingereza mtaipata kwenye maduka ya vitabu ya Mji Mkongwe. Alizaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani na akaiacha dini yake. Mwaka 1870 mumewe akafariki, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Uamuzi wake mimi siuungi mkono, na hisabu yake iko kwa Mola wake. Lakini hamu ya kwao sijaiona ikiandikwa namna ile. Ameandika Ramadhani, ameandika sikukuu, harusi, vyakula, nguo, nani alikaa wapi na nani. Anaandika mtu anayeogopa kusahau.

Kipande ninachokipenda ni cha utotoni. Mabinti walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Nikiwaona watoto wetu na madaftari yenye picha za paka, wanalia hawataki kuandika, namkumbuka binti wa mfalme na mfupa wake.

Kwa mama mkwe, kama ni mpenzi wa taarabu, kuna Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, akauza vyungu, akaja mjini, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurikodi nyimbo zake. Alifariki 1950. Kiswahili cha Shaaban Robert kimepigwa pasi na kutiwa wanga, ukikisoma kwa sauti unajikuta umekaa wima. Onyo moja: mama mkwe atakukatiza kila ukurasa aimbe. Mwache aimbe. Ndiyo faida yenyewe.

Vya waliopata tuzo

Vitabu vilivyopata tuzo kubwa huwa navikaribia kama daktari wa meno, kwa heshima na wasiwasi. Abdulrazak Gurnah wetu alipopata Nobel mwaka 2021 kila mtu alisherehekea, na ukiuliza nani kamsoma watu wanatazama dari. Udhuru wa Kiingereza sasa haupo. Paradise, riwaya yake ya 1994, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatoka 2022.

Mama yangu mzazi aliliona jina juu ya meza akadhani ni kitabu cha dini, akafurahi, akakichukua chumbani kwake. Baada ya siku mbili akaja nacho mkononi, miwani puani. "Mwanangu," akasema, "nimesoma kurasa 60, pepo yenyewe iko wapi?" Ni habari za Yusuf, kijana anayetolewa kwao kwa deni la babake na kuchukuliwa na tajiri mfanyabiashara. Mama alipogundua kuwa kuna harufu ya kisa cha Nabii Yusuf ndani yake, alikaa akakimaliza, na tangu hapo ananiuliza kama "yule mtoto wa Gurnah" ameandika kingine.

Maoni yangu: ni kitabu cha kusoma wawili. Msomee mumeo sura moja baada ya Isha, au akusomee yeye. Mume anayekusomea hadithi taa ikiwa inawaka ana mahala pake moyoni, na hana gharama.

Vya jikoni na vya maneno

Kamusi watu hawaihesabu kuwa kitabu cha kusoma. Mie naihesabu. BAKIZA walitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na anayeolewa bara namsihi aende na kamusi. Rafiki yangu mmoja aliolewa Morogoro, akamtuma mtoto wa jirani sokoni akamletee tungule na mbatata. Mtoto akazunguka soko zima akarudi mikono mitupu, akamwambia mamake yule shangazi wa Unguja anataka vitu vya uganga. Kumbe nyanya na viazi tu! Sasa anasema nyanya sokoni na tungule jikoni kwake, na wanawe wana maneno mawili kwa kila kitu. Hiyo ndiyo mali.

Vitabu vya mapishi vya kununua vina picha nzuri, na chakula chako hakitofanana na picha, tukubaliane mapema. Kitabu bora cha mapishi nilichonacho ni daftari la marehemu bibi yangu, lina mafuta kila ukurasa na kurasa mbili zimegandana kwa shira. Mkate wa kumimina: mchele vikombe viwili "vya kikombe cha buluu." Kikombe cha buluu kilivunjika kabla sijazaliwa. Tui "la kutosha." Hiliki "usiifanyie choyo." Mama na khalati zangu wamegombana miaka 20 juu ya ukubwa wa kikombe kile, na kila mmoja mkate wake ni mtamu. Daftari hili siliuzi kwa dhahabu.

Na wanaosema mke msomaji hana kazi

Wifi yangu, nampenda kwa ajili ya Allah, husema mke msomaji huunguza chungu. Namjibu kuwa vyungu vya mtaa huu vinaunguzwa na simu, vitabu havina hatia. Kisha namkumbusha Bibi Hafsa binti Umar, mke wa Mtume, Allah amridhie. Alijua kusoma na kuandika. Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar zilihifadhiwa kwake baada ya babake kufariki, na Sayyidna Uthman alipotaka kunakilisha misahafu aliziazima kwake, kisha akamrudishia. Mwanamke mwenye kitabu nyumbani kwake si jambo lililoshuka na meli jana.

Kama wifi bado hajaridhika, namtajia Shahrazad wa Alfu Lela U Lela. Biharusi yule aliingia kwa mume ambaye kila asubuhi alikuwa akimuua mke. Hakwenda na blenda. Alikwenda na hadithi alizokwisha kuzisoma, na hadithi zikamlinda. Waume zetu, alhamdulillah, si wa namna hiyo, lakini mchana mrefu wa nyumba ngeni nao una namna yake ya kummaliza mtu kidogokidogo.

Basi biharusi wangu, panga hivi. Msahafu kwanza, juu ya vyote, na tafsiri yake ili ujue unachokisoma. Kisha kitabu kimoja cha kukuchekesha, kimoja cha kukufikirisha, kimoja cha kumsomea mtu mwengine. Vinne havijazi begi, ukitoa jozi moja ya viatu visivyovalika, na unajua ni vipi. Na daftari moja tupu lenye kalamu yake. Andika humo mapishi ya mama mkwe kabla vikombe vyake havijavunjika. Andika ulichokiona dirishani, ulichokiomba, kilichokuliza saa nane za mchana. Huna haja ya kumwonyesha mtu.

Yule wa Muscat, tuliyemtumia vitatu, sasa ana rafu nzima. Juzi kanitumia orodha ya vitabu anavyotaka nimpelekee, na chini yake kaandika: "Na hiliki, usiifanyie choyo."

Allah awabarikie ndoa zenu, azijaze mapenzi na rehema, na awape mchana wenye utulivu na taa nzuri ya kusomea. Amin.